Moyo Mzuri, Moyo Mbaya

Filister alikuwa sokoni Got Rombe akipanga nyanya alipopata habari kwamba mumewe atapigwa stima hadharani, na habari yenyewe aliletewa kama pongezi.

"Min Elvis, hongera!" Emmaculate, muuza samaki wa omena, alimpigia kelele kutoka kibanda cha pili, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mzee yako amechaguliwa!"

"Amechaguliwa kufanya nini?"

"Kupigwa na ile bunduki mpya ya polisi. Alhamisi, kwa baraza. Chifu amesema hakuna mwanaume mwingine anaweza. Yangu hata kufunga mbuzi hawezi chaguliwa."

Wateja waliokuwa karibu walimgeukia Filister kwa heshima ambayo hakuwa ameizoea. Mmoja akanunua nyanya bila kubishana bei, jambo la ajabu pale Got Rombe. Filister akamfungia nyanya zake, akamwomba Emmaculate amwangalizie kibanda, akashika njia ya nyumbani akitembea haraka kuliko umri wake ulivyoruhusu.

Habari za bunduki hiyo kila mtu alikuwa nazo. Kituo cha polisi kilikuwa kimeletewa moja ya rangi ya njano, ya kujaribiwa, ile inayorusha sindano mbili zenye nyaya. Stima inapita kwenye nyaya, mtu anaanguka, anafungwa pingu, kisha anainuka akiwa mzima. Watu waliiita bunduki ya stima. Walikubali kwamba mtu ataanguka. Lile la kuinuka ndilo lililowatia shaka, maana ilisemekana inasimamisha moyo. Ndipo Sajini Mosoti akaamua kuwatoa hofu: apatikane mtu wa kawaida, apigwe mbele ya wote, ainuke, awasalimie watu, mambo yaishe.

* * *

Alimkuta Wesley uani akipaka rangi viatu vyake vya Sabato, na ilikuwa Jumatatu.

"Kumbe ni kweli," alisema Filister.

"Soko ilikuwa aje, mama?"

"Usiniulize soko. Unaenda kupigwa stima?"

"Ni sekunde tu." Wesley alikitazama kiatu, akakitemea mate kidogo, akaendelea kusugua. "Stima ya hii nyumba ikipotea wiki mzima huwa unanyamaza. Hii ya sekunde ndio unalilia?"

Filister aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kijijini kote ni yeye peke yake aliyejua. Mwaka uliopita Wesley alianguka nyuma ya mashine ya kusaga unga alikokuwa akifanya kazi, wakaenda kutafuta matibabu hadi Homa Bay, wakizipita hospitali zote za Migori kana kwamba zimefungwa, kwa sababu kwenye foleni ya Migori angekutana na nusu ya kanisa. Daktari wa Homa Bay, msichana mpole, aliwaambia kwamba moyo wa Wesley umepanuka, umekuwa mkubwa kupita kiasi, na mapigo yake hayana mpangilio. Anywe dawa. Asibebe vizito. Asishtuliwe. Na kijana wao Elvis naye aletwe apimwe, maana mioyo ya namna hii hurithiwa. Kabla hawajafika getini Wesley alikuwa ameshatoa Bibilia na kumwapisha mkewe kwamba hatamwambia mtu, na Elvis akiwemo.

"Sajini si alisema mtu mgonjwa wa moyo asijitolee?" aliuliza Filister. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ukasema nini?"

"Ukweli. Mimi ni mzee wa kanisa, sisemi uongo."

"Ukweli gani, Wuon Elvis?"

Wesley aliweka kiatu chini. Alieleza kwamba Sajini Mosoti ni Mkisii na Kijaluo hakijui, na kwamba Chifu Simeon hupenda kila neno la serikali litafsiriwe, hata kwa mtu ambaye ameshalisikia. Kwa hiyo karani wa chifu, yule msichana Liz, alisimama katikati. "Sajini akauliza, moyo yako iko sawa? Liz akanigeukia, *be chunyi ber?* Na mimi nikajibu, *chunya ber ahinya*, nzuri sana."

Filister alifumba macho. Kwa Kijaluo, *chuny* ndiko furaha na hasira hukaa. Mtu akiridhika na maisha, *chuny* yake ni nzuri. Lakini lile pande la nyama la kifuani linalosukuma damu, lile ambalo kwa Wesley lilikuwa limepanuka, jina lake ni *adundo*. Kiswahili kimeyatia yote mawili kwenye moyo mmoja na kwenda zake.

"*Chuny* yangu iko sawa kabisa," alisema Wesley. "Ile imeharibika ni *adundo*. Hakuna mtu aliniuliza *adundo*."

"Hiyo ni ujanja."

"Hiyo ni Kijaluo."

Angetaka kucheka, lakini alimwona mumewe akiweka kiganja kifuani bila kujua, kama alivyofanya siku hizi kila alipoinama.

"Unajua wanasema nini kwa mashine?" Wesley aliuliza kwa sauti ya chini. "Wanasema umenikalia chapati ndio unitawale. Mwanaume alikuwa anarusha gunia, leo anakaa kwa stuli na gunia inabebwa na bibi yake. Wananiona nikinyamaza, wanafikiri sisikii."

"Waambie wewe ni mgonjwa."

"Halafu wanihurumie? Heri stima."

"Na ukikufa?"

"Nikikufa, sitakufa mvivu."

Filister alihisi hasira ikimpanda, na nyuma ya hasira hiyo hofu tupu. Alimpenda mtu huyu, na wakati huohuo angempiga na kile kiatu. "Na Elvis?" akauliza. "Mwaka mzima daktari anamngoja."

"Elvis ana nguvu ya punda. Usimtie mtoto ugonjwa na mdomo. Na uliapa."

* * *

Kesho yake asubuhi Filister alikwenda kituoni. Njiani aliutafuta mlango wa kutokea kwenye kile kiapo, akaamini ameupata: hatasema kwamba Wesley ni mgonjwa. Atasema tu jinsi moyo wake ulivyo, kama daktari alivyosema, na Sajini mwenyewe atajumlisha. Mchezo huu alikuwa amefundishwa na mumewe.

Sajini Mosoti alikuwa akinywa chai. Bunduki ya njano ilikuwa mezani kando ya mkate. Alikuwa mtu wa adabu, akasimama kumpa kiti.

"Afande, nimekuja juu ya mzee yangu. Ule wa Alhamisi."

"Mzee Wesley! Mama, una bahati na bwana."

"Ni juu ya moyo yake."

"Moyo yake imefanya nini?"

"Moyo yake ni kubwa, afande."

"Sana! Hiyo hata mimi nimeona."

"Hapana. Ni kubwa kupita kiasi."

"Usimshushe, mama. Watu wa moyo mkubwa wamebaki wachache hii Kenya."

Filister alijaribu tena. "Inaruka. Saa ingine inaruka bila mpango."

"Hata yangu iliruka siku nilipewa bunduki mara ya kwanza." Mosoti alicheka, kisha akamwonea huruma. "Naelewa. Ni yako ndio haitaki. Lakini sikiliza: hii kitu haidhuru moyo. Imeandikwa." Akafungua kijitabu chenye picha ya mtu asiye na uso. Mgongoni kulikuwa na duara la kijani, kifuani alama nyekundu. "Ukipiga hapa nyuma, ni sawa. Hapa mbele, karibu na moyo, wanasema ujaribu kuepuka."

"Na mtu akigeuka?"

"Kwa nini ageuke?"

"Si atashtuka?"

"Ataambiwa asigeuke."

Filister aliitazama ile picha. Mtu wa kwenye picha alikuwa ametulia kabisa, mikono kando, hana habari. Alitaka kuuliza watu wa aina hiyo wanaokimbizwa na polisi wanapatikana wapi, lakini mbele ya sare ulimi wake ulikuwa mzito tangu utotoni.

"Kuna kitu moja ungetusaidia," alisema Mosoti akimsindikiza mlangoni. "Una godoro?"

"Ya nini?"

"Ya kuangukia. Za hapa ziko na kunguni, tutaaibika mbele ya watu."

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Filister alikwenda kumwokoa mume, akarudi akiwa ametoa godoro.

* * *

Alhamisi watu walijaa uwanja wa chifu hadi barabarani. Waendesha boda waliegesha pikipiki zao kwa mstari na kukaa juu yake wapate kuona vizuri. Elvis alikuwa miongoni mwao, akijigamba kwamba leo mzee wake ataonyesha makarao wa kituoni dharau. Godoro la Filister lilikuwa limetandikwa katikati ya uwanja, lenye maua ya buluu na lile doa la chai ambalo hakuwahi kulitoa. Wanawake walilitazama, kisha wakamtazama yeye. Hakuna aibu kama kuona kitanda chako kimeanikwa mbele ya serikali.

Wesley alivua koti la suti, akalikunja, akampa Chifu Simeon alishike. Chifu alilishika kwa mikono miwili. Mchungaji aliombea stima. Sajini Mosoti akaonyesha bunduki huku na huku, akaeleza kwamba haina risasi, haina damu, na haidhuru moyo, na Liz akatafsiri kwamba haidhuru *chuny*. Wazee wakatikisa vichwa kukubali, maana hawakuona kwa nini stima ingemnyima mtu furaha.

"Kwa utaratibu, nitamuuliza mara ya mwisho," alisema Mosoti. "Mzee, moyo yako iko sawa?"

Liz alimgeukia Wesley. "*Baba, be chunyi ber?*"

Wesley alijaza kifua hewa, akatabasamu. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu Filister amwone akisimama namna hiyo mbele za watu, mabega nyuma, na kwa kitambo alitamani kumwachia furaha yake. Kisha akaliona godoro. Akajiona usiku wa leo amelala juu yake peke yake.

"Muulize *adundo*!" alipaza sauti.

Vichwa viligeuka.

"Nani huyo?" aliuliza chifu.

"Mimi bibi yake. Liz, nyathina, mwanangu, usimuulize *chuny*. Muulize *adundo*."

Liz alimtazama chifu, akamtazama Sajini, na ilionekana wazi kwamba neno hilo halikuwa limempitia kichwani. Akasema taratibu, "*Baba, be adundoni ber?*"

Wesley alifungua mdomo. Alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwake. Akaufunga. Akamtazama mkewe kwa jicho ambalo Filister alijua litakaa naye muda mrefu, halafu akasema jambo kwa Kijaluo, polepole, akiitazama ardhi.

"Anasema nini?" aliuliza Mosoti.

Liz alisita. "Afande, anasema moyo wake ni mzuri, lakini moyo wake ni mbaya."

"Ni mzuri ama ni mbaya?"

"Yote."

"Yote aje? Mtu ana moyo ngapi?"

"Kwa Kiswahili moja," alisema Liz akikaribia kulia.

Ikabidi Filister aeleze mwenyewe: Homa Bay, daktari, dawa zilizofichwa ndani ya debe la unga. Aliueleza umati mzima kile alichoapa kutomwambia hata mtu mmoja, isipokuwa lile la Elvis kupimwa. Watu wa mashine ya kusaga walikuwa pale, wakasikiliza wakiangalia viatu vyao. Kule nyuma, Elvis alishuka polepole kutoka juu ya pikipiki.

Sajini Mosoti aliishusha bunduki kama mtu aliyegundua kwamba kumbe alichoshika kina joto. Lakini baraza lilikuwa limeitwa, na watu walitaka kuona. "Ajitolee mwingine," alisema. Hakuna aliyetikisika. Sauti moja ikatoka kwenye mstari wa boda: "Chifu aonyeshe mfano!"

Chifu Simeon alijikuta bado ameshika koti la Wesley. "Mimi niko na presha," alisema. "Mnajua."

"Mchungaji!"

Mchungaji naye alikuwa na presha.

"Sajini mwenyewe, basi! Si imeandikwa haidhuru?"

Mosoti alikohoa. Alieleza kwamba yeye ndiye mwenye mafunzo ya kufyatua, na kwamba mtu hawezi kujifyatulia mgongoni. Watu walipoendelea kumkodolea macho akaongeza kwa sauti ndogo kwamba hata yeye daktari wake alimwambia apunguze chumvi.

Basi wakalipiga godoro. Liliegemezwa kwenye mlingoti wa bendera, Sajini akalenga, bunduki ikafyatuka, sindano zikaingia kwenye maua ya buluu, nyaya zikalialia. Godoro halikuanguka, halikulia, halikugeuka. Chifu akatangaza kwamba, kama kila mtu alivyojionea, hakuna madhara yoyote yaliyotokea.

* * *

Filister alilibeba godoro kichwani hadi nyumbani. Wesley alitembea mbele yake bila neno, na bila neno akakaa hadi Sabato ikapita. Dawa alikunywa, sasa akizitoa mezani mbele ya watu, kila kidonge kama anamrushia mkewe jiwe. Jumapili watu wa mashine walikuja kumsalimu. Walileta sukari. Hakuna aliyetaja chapati. Walipoondoka Wesley aliutazama ule mfuko wa sukari na kusema, "Sasa wananihurumia," na Filister akamjibu, "Wakuhurumie ukiwa hai."

Wakati huo neno lilikuwa limetoroka. Sajini Mosoti alipotoka barabarani na bunduki yake ya njano kiunoni, kila mwendesha boda aliyesimamishwa alishika kifua na kulia, "*Adundo*, afande!" Mlevi aliyekamatwa kwa kelele alisema ana *adundo*. Mwizi wa kuku aliwahi kusema anazo mbili. Hapo mwanzo Mosoti alicheka pamoja nao. Kisha akaacha kucheka, akasema pale kibanda cha chai kwamba wa kwanza kumtania tena na neno hilo atajua kama iko sawa ama haiko.

Elvis alileta hadithi hiyo nyumbani wakati wa chakula cha mchana, akaigiza mwizi wa kuku hadi mboga ikamwagika. "Karao ameshikwa na hasira mbaya, mathe. Jana amenifukuza mpaka kwa mto, juu ya helmeti tu. Nikamwimbia *adundo* nikipotea."

Alijichekea peke yake. Wesley alikuwa ameacha kula.

"Alikuwa nyuma yako?" aliuliza.

"Nyuma kabisa, buda. Na ile kitu mkononi."

"Elvis." Wesley alinawa mikono ingawa sahani ilikuwa bado imejaa. Filister alimwona akitafuta pa kuanzia, akaung'ata ulimi wake, kwa sababu hili halikuwa lake kulisema. "Ule daktari wa Homa Bay alisema kitu ingine. Alisema hii *adundo* yangu hata mtoto anaweza kuwa nayo. Alisema uletwe upimwe."

"Alisema lini?"

"Mwaka jana."

Elvis alimtazama baba yake, akamgeukia mama yake, na kicheko kikamtoka usoni taratibu. "Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima nakimbia makarao, na nyinyi mmekaa nayo?"

Filister alisikia uchungu ambao hakuusikia hata siku ya baraza. Siku ile walau kulikuwa na mtu wa kumuuliza Wesley. Barabarani, nani atasimama amuulize Elvis, na kwa lugha gani?

* * *

Walitoka asubuhi kwenda Homa Bay kwa pikipiki ya Elvis, watatu juu ya kiti kimoja: Elvis mbele, Filister katikati, Wesley nyuma amevaa suti. Wesley mwenyewe ndiye aliyesema waende wote, na helmeti ilikuwa moja, nayo ilimkaa Wesley.

Hawakuwa wamefika mbali walipomwona Sajini Mosoti katikati ya barabara ameinua mkono. Abiria wawili, helmeti kichwani pa asiyeendesha. Makosa yalikuwa yanaonekana kutoka mbali. Filister alihisi mwili wa Elvis ukikakamaa na mtambo ukinguruma, maana miguu na mikono ya kijana ilikuwa imeshazoea kitu kimoja tu cha kufanya mbele ya mkono huo. Kulikuwa na kijia cha kushoto kupita kwenye miwa. Akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

"Simama, mwanangu. Usigeuze mgongo. Simama."

Pikipiki iliyumba, ikapunguza, ikasimama. Elvis aliinua mikono juu.

Mosoti alikuja taratibu, kiganja kikiwa juu ya bunduki ya njano. Alikuwa amechoka usoni. "Leo hukimbii?" alisema. "Haya, imba. Na wewe uko na *adundo*?"

"Sijui, afande," alisema Elvis. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtoto. "Ndio tunaenda kuuliza."

Sajini alimtazama. Akamtazama Filister, halafu mzee mwenye helmeti na suti aliyekuwa nyuma. Kisha mkono ukaondoka pale kiunoni, ukabaki unaning'inia bila kazi.

"Nendeni polepole," alisema.

Elvis hakuondoka mara moja. Filister alikuwa bado amemkumbatia, viganja vyake viwili juu ya kifua cha mwanawe, na chini ya viganja moyo ulikuwa unapiga mbio. Mgongoni kwake, kupitia lile koti la suti, aliusikia ule mwingine ukipiga, ukinyamaza, ukipiga mara mbili. Alijaribu kusikiliza kama inafanana. Hakuweza kujua. Akawashika wote wawili, akamwambia Elvis awashe pikipiki.